Pikipiki ya Ukurasa wa Tano

Tarehe 8 Januari

Kwako mwanangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyingi kuliko bahasha inavyoweza kubeba. U hali gani? Kile kifua cha baridi kimekuacha? Huku sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kukanyagia cherehani, ambalo limezoea kulalamika na mimi nimezoea kutolisikiliza. Mdogo wako anakusalimu sana.

Gazeti limefika. Mpeleka barua alinipigia kengele akiwa bado mbali: "Mama, leo una bahasha nene!" Nikamwambia unene ni haki yake, mwanangu haandiki vitu vyembamba. Nililifungua mbele yake makusudi. Ukurasa wa tano, lile jaribio lenu la pikipiki tatu, jina lako, na picha yako umeinama juu ya pikipiki nyekundu kama mtu anayetaka kuruka nayo. Uso umefichwa na ile kofia ngumu, lakini mabega hayo nimeyashonea mashati tangu darasa la kwanza, ningeyakosea vipi?

Nimeubandika ukutani juu ya cherehani. Mteja akija kupimwa kiuno, kwanza asome. Asiyejua kusoma namsomea. Yule mwalimu mstaafu alikuja kupunguza suruali akasoma yote mpaka mwisho, akasema lugha yako imenyooka. Nikamwambia imenyooka kwa sababu ilikua ikilishwa na mishono yangu. Siku hizi mtaani siitwi tena fundi cherehani. Naitwa Mama Mwandishi, na naitika kabla hawajamaliza kuita.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bekari wamemwambia mdogo wako kwamba baiskeli imeshindwa, anayetaka kuendelea kusambaza mikate madukani aje na pikipiki. Anasita kati ya mbili. Moja ni Radi, hiyo nyekundu yako uliyoipa alama themanini na mbili. Nyingine ni ile nyeusi ya kizamani ambayo kila mtu anaiita Punda, uliyoipa hamsini na nane. Anayemsitisha ni Fundi Kijiti, unamkumbuka, yule mtengeneza pikipiki wa pale kona, asiyeongea bila kijiti cha kiberiti mdomoni. Juzi alikuja mpaka mlangoni kwangu mbele ya wateja watatu.

"Mama Mwandishi, hiyo nyekundu nimefungua mbili wiki hii. Mwambie kijana achukue Punda."

"Mwanangu kaandika gazetini. Wewe umeandika wapi?"

"Mimi siandiki, mama. Pikipiki huja kwangu zinalia. Mwanao huletewa zikiwa bado zinacheka."

"Basi baki na vilio vyako."

Wateja walicheka, na walicheka upande wangu. Lakini mdogo wako hakucheka. Aliniambia, "Mama, gazeti linaongea na watu wote. Muulize kaka anijibu mimi peke yangu. Kreti nane za mkate nyuma, kila siku, ule mlima wa bekari kupanda na kushuka. Angekuwa yeye, angenunua ipi?" Jibu mimi ninalo, nimelibandika ukutani. Ila nimemwahidi nitakuuliza, nami nimekuuliza. Usikawie.

Mama yako mzazi,
Mama Mwandishi


Tarehe 27 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, kifua kimepona kabisa. Pole na goti. Punguza kazi, mama, au kanyaga kwa mguu wa pili.

Nimecheka sana kwa ajili ya Fundi Kijiti. Mwambie mdogo wangu ausome tena ukurasa wa tano, kila kitu kimo. Zote tatu tulizipima mbio, breki, mafuta na starehe ya kiti, na Radi ikashinda. Ni kweli jaribio letu ni la siku mbili, na ni kweli sisi hatubebi mikate, lakini pikipiki nzuri ni nzuri tu. Ningekuwa yeye nisingeogopa.

Nina haraka, mwezi huu tuna pikipiki sita za kujaribu. Nimefurahi kwamba umeubandika ukurasa.

Nisalimie mdogo wangu.

Mwanao


Tarehe 22 Februari

Mwanangu wa faida,

Marahaba, mara mia. Sisi tuko salama, na leo usalama wetu una magurudumu mawili.

Barua yako niliisoma kwa sauti, mlango ukiwa wazi. "Ningekuwa yeye nisingeogopa." Nikairudia mara mbili, na mara ya pili nilimsubiri Kijiti apite na tairi lake begani. Nimeuza ile cherehani ya kudarizi ili kijana asiende kuomba popote. Usinipe pole, cherehani mbili kwa mtu mwenye goti moja ni uroho.

Pikipiki ilipofika mtaa mzima uliamka! Inang'aa, mwanangu, hata nikajiona kwenye tangi lake, nikarekebisha kilemba. Mdogo wako alikaa juu yake kama mfalme. Akanipakia. Mimi nilikaa upande kama bibi harusi, nikamwamuru apite mbele ya karakana ya Kijiti mara mbili, na mara ya pili apite polepole.

Kijiti alisimama, akafuta mikono. "Hongereni," akasema. "Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Mwanangu wa gazetini kakilalia!"

"Siku ngapi?"

Pikipiki ilikuwa imeshaondoka.

Mdogo wako anakusalimu kwa furaha yote. Ameanza kazi Jumatatu, kreti nane, na amewahi madukani kabla hawajafungua milango. Anasema akishuka mlima anasikia upepo ukimwita kwa jina lako. Hayo ya upepo nimeongeza mimi, lakini uso wake ulisema hivyo.

Mama yako,
Mama Mwandishi


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Niliandika mwezi wa tatu sikupata jibu, nikasema labda zile pikipiki sita zimezaana. Goti liko vilevile. Mdogo wako anakusalimu.

Sitaki kulalamika, na haya si malalamiko. Ni maswali.

La kwanza, cheni. Inalegea. Anaikaza leo, keshokutwa imelegea tena, na sasa anasema nafasi ya kukazia imekwisha. Ikitembea inatoa mlio kama mtu anayetafuna mchanga. Mimi nikiwa hapa kwenye cherehani nasikia akiwa bado kule kwenye bomba la maji. La pili, kiti kilipasuka kabla pikipiki haijamaliza mwezi kwetu. Nimekishona kwa uzi wa turubai, na sasa mshono wangu ndio kitu imara kuliko vyote kwenye pikipiki ile. La tatu, mafuta. Gazeti lako lilisema inakunywa kidogo. Hii yetu ina kiu.

Nilimwambia, "Wewe huiendeshi kama kaka yako."

"Mama, kaka alibeba nini?"

"Alibeba jina letu."

Akaguna tu, unamjua. Zamani angenijibu kwa mzaha.

Wiki iliyopita ilimzimikia mbele ya duka la viatu akawa anaisukuma. Wale wakaa vibarazani wakapiga kelele: "Jamani, ukurasa wa tano huo unasukumwa!" Nilicheka kuliko wote ili mtu asije akadhani imeniuma. Anataka kuipeleka kwa Kijiti. Nimemkataza kabisa. Kijiti akiishika tu, mtaa mzima utajua. Sasa anaipeleka kwa fundi mmoja ng'ambo ya soko asiyetufahamu, na huyo kila siku anakaza kilekile kilicholegea.

Tuambie cheni nzuri inapatikana wapi. Nimewaambia watu wewe utajua.

Mama yako,
Mama Mwandishi


Tarehe 24 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile ya mwezi wa tatu, kazi zilinizidi.

Kuhusu cheni, aikaze kila wiki na kuipaka oili. Kwenye jaribio letu hatukuona tatizo lolote. Ila asiweke cheni za mitaani, zinakula gurudumu la meno na kuharibu pikipiki nzima. Msubiri cheni halisi. Wauzaji wa Radi wananifahamu, nitawaomba moja niitume kwa posta kabla mwezi huu haujaisha.

Msiwe na wasiwasi. Salamu kwa mdogo wangu.

Mwanao


Tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Salamu za afya. Sisi tunaendelea. Mwezi uliosema umeisha, na huu nao umefika katikati. Cheni haijafika.

Jana Kijiti alikuja tena. Mkononi alikuwa na cheni nzito ya Punda, ameifungia kwenye gazeti. Si lako, nilitazama. Akasema anaweza kuikata ienee kwenye Radi na kubadilisha yale magurudumu ya meno, kazi ya nusu siku.

"Unataka nini kwetu?" nikamuuliza.

"Sitaki chochote, mama. Namwona kijana anavyoushuka ule mlima."

"Mwanangu kasema tusubiri halisi. Hizo za mitaani zinaharibu."

"Halisi isubirini. Lakini wakati mnasubiri, mlima hausomi gazeti."

Mdogo wako alikuwa amesimama pale mlangoni na kofia yake mkononi. Alinitazama. "Mama," akasema. Neno hilo moja tu. Wateja walikuwepo, yule mwalimu mstaafu naye alikuwepo, na ukurasa wako uko pale ukutani juu ya vichwa vyetu. Nikasema tutasubiri. Kijiti akaifunga upya cheni yake, pole pole, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Mdogo wako akavaa kofia akaenda kazini.

Kwa hiyo fanya haraka, nimekuwekea dhamana ya mdomo wangu mbele ya watu. Mdogo wako anakusalimu, na anasema cheni ukiitia kwenye kifurushi utie na maneno mapya, yale ya kwanza yameisha.

Mama yako,
Mama Mwandishi


Tarehe 11 Agosti

Mwanangu,

Sisi si wazima.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri kitu chema cha kuanzia. Hakikuja.

Tarehe ishirini na tisa Juni, asubuhi, mdogo wako alitoka bekari na kreti nane. Katikati ya mteremko cheni ilikatika. Ingeanguka barabarani ingekuwa heri, lakini ilijiviringisha kwenye gurudumu la nyuma likakwama palepale. Alianguka akaburuzwa mpaka kwenye mfereji. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya Radi, na ukingo wa mfereji ulikuwa chini ya mguu.

Mimi niliitwa na mtu aliyekuja mbio na mkate mkononi. Hakujua kwamba ameushika. Nilipofika mikate imetapakaa mteremko mzima, wengine wanaiokota waipange, wengine wanaiokota waile. Kijiti ndiye aliyeinyanyua pikipiki. Mdogo wako alikuwa macho. Alisema, "Mama, usiangalie." Nikaangalia.

Madaktari walihangaika na ule mguu wiki tatu. Tarehe ishirini Julai waliukata chini ya goti.

Kifurushi chako kilifika tarehe nne Julai, nikiwa hospitali. Alikipokea mwalimu mstaafu. Umekifunga vizuri sana, karatasi mbili na kamba. Kipo juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Kuna ile methali ya asiyesikia la mkuu. Nikipita mtaani wananyamaza, ila najua ndiyo wanayonyamazia. Asiyesikia nilikuwa mimi. Guu lililovunjika ni la mwingine.

Jambo moja nakuomba. Juzi Kijiti alikuja na ile cheni iliyokatika. Hakuja kunicheka, mwanangu, na ningependa angenicheka. Alinionyesha zile pini zilivyolika, akasema, "Hizi cheni hazingojei mwezi. Zinaanza kupiga kelele siku ya kwanza. Mtu aliyeiendesha siku mbili lazima aliisikia."

Nikamwambia nitamuuliza. Sasa nakuuliza. Uliisikia?

Mdogo wako anakusalimu.

Mama yako


Tarehe 1 Septemba

Mama,

Shikamoo. Sijui kama unaitikia.

Niliisikia.

Nikueleze jaribio linavyofanywa, kwa sababu hujawahi kuniuliza nami sijawahi kukueleza. Wauzaji ndio wanaoleta pikipiki. Zinakuja zimeoshwa, zimekazwa kila nati, mafuta wametia wao. Nyuma yetu linafuata gari dogo la fundi wao na sanduku lake la spana. Kila tukisimama kupiga picha au kunywa chai, yeye anainama na kukaza. Siku ya pili, mchana, cheni ya Radi ilianza kugonga kama mtu anayegonga bati. Kwenye kona ikatoka. Mimi ndiye niliyekuwa juu yake. Nilikuwa naenda taratibu, sikuanguka. Yule fundi akaja, akaweka cheni mpya kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, tukaendelea. Nilipomwambia mhariri akasema, "Hiyo haiandikwi, bwana mdogo. Kitu kipya lazima kikohoe." Tukakaa mezani tukagawa alama. Punda haikuguswa na fundi siku zote mbili. Tuliipunguzia alama kwa sababu ya sura.

Kuna jingine. Sina pikipiki, mama. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Kazini naenda kwa miguu. Ile kofia ya kwenye picha ni ya ofisi, tunavaa kwa zamu. Wala sijui pikipiki inakuwaje ikifikisha miezi mitatu, kwa sababu hakuna hata moja niliyokaa nayo mpaka siku ya tatu.

Ulipoandika swali la mdogo wangu nilianza kujibu mara tatu. Kila nikifika kwenye cheni nilikuwa naiona ile karatasi ukutani kwako, na wateja wako wanasoma. Nikaandika niliyoandika. Na ile niliyoituma kwa posta ni cheni ya aina ileile, hawana nyingine.

Nimemwendea mhariri nikamweleza yote. Nimemwambia ama tuchapishe habari ya mtu aliyekaa na pikipiki hiyo kweli, miezi yote, kwa maneno yake mwenyewe, ama natoka. Amekubali. Kurasa mbili, mwezi wa kumi na mbili. Niandikie, mama. Andika kama unavyoongea. Sitagusa hata nukta.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Mwambie mdogo wangu.

Mwanao


Tarehe 26 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Naitikia, maana nisipoitikia nitakuwa nimebaki na nani.

Nimeishika kalamu siku nne. Mdogo wako alikaa karibu yangu kwenye kiti cha wateja, mguu uliokatwa ameupandisha juu ya kreti. Nilianza na mteremko, akanizuia. Akasema, "Anza na uzuri wake, mama. Ukianza na ubaya watasema una chuki, hawatafika mwisho." Nikaona ana akili. Basi nimeanza na ile siku ya kwanza, ilivyong'aa, nilivyojiona kwenye tangi. Halafu nimeendelea, nikihesabu tangu siku hiyo: siku ya kumi na tatu cheni ililegea. Mwezi wa kwanza kiti. Mwezi wa pili taa ya nyuma ilidondoka sokoni, tukaletewa na muuza vitunguu. Mwezi wa tatu nafasi ya kukazia ikaisha. Mwezi wa nne niliikataa cheni ya Kijiti, nayo nimeiandika, nimejiandika mimi mwenyewe, sikujificha. Halafu mlima.

Mwishoni nimeweka alama, kama mnavyoweka ninyi. Mbio: inakimbia. Breki: zilifanya kazi. Kiti: nilishona mimi. Uaminifu: mguu mmoja.

Karatasi nane mbele na nyuma. Mwalimu mstaafu amenisahihishia herufi kubwa tu. Kijiti nimemsomea, akatoa kijiti mdomoni kwanza, ndipo akasikiliza. Alipoondoka alisema, "Hii ikitoka, mama, utakuwa umeokoa miguu ya watu." Sikulala na furaha, hapana, lakini kwa mara ya kwanza tangu Juni nilipika bila kusahau chumvi.

Ukurasa wa tano bado uko ukutani. Nasubiri wa kuuweka badala yake.

Mdogo wako anakusalimu.

Mama yako


Tarehe 17 Desemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hukuandika mwezi wa kumi, wala wa kumi na moja. Lililokuja ni gazeti peke yake, bila barua ndani. Nililitikisa mara mbili nikidhani labda imenasa.

Mpeleka barua alisimama nilifungue mbele yake, maana nilimzoesha hivyo.

Kurasa zangu mbili sikuziona. Nilitafuta kutoka mbele kwenda nyuma, halafu nyuma kwenda mbele. Mwishowe nikajikuta pembeni, ndani ya kiboksi kidogo kama bango la sabuni: "Pikipiki ilipofika mtaa mzima uliamka. Inang'aa, hata nikajiona kwenye tangi lake. Mwanangu alikaa juu yake kama mfalme. Mama mmoja, msomaji wetu." Maneno ni yangu. Hukugusa hata nukta, umetimiza ahadi. Karatasi yangu imekatwa tu pale ninapovuta pumzi ili niseme la pili.

Na juu ya kiboksi hicho, kwa herufi za rangi: Radi, Pikipiki Bora ya Mwaka. Chini yake jina lako.

Sikuulizi kama ulibaki kazini. Jina liko pale. Wala sikuulizi kama walikulazimisha, kama ulilia, kama ulisema ama hivi ama vile. Mimi nilikuwa na cheni mezani kwangu, nikaikataa kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Kwa hiyo najua mtu anavyofanya.

Mtaani walinipongeza. "Mama Mwandishi, sasa na wewe umeandikwa!" Mwenye duka la viatu alitaka kulibandika kwake. Nilimnyang'anya.

Siku tatu baadaye alikuja kijana mmoja wa rika la mdogo wako. Ndiye aliyechukua nafasi yake bekari. Alikuwa na gazeti kwapani. "Shikamoo mama. Nimekusoma. Nilikuwa nasita kati ya Punda na Radi, sasa nimeamua."

Nikamkalisha. Nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, zile karatasi nane nilimsimulia kwa kichwa, maana nakala sina, nilikutumia wewe. Nikafungua pazia nikamwonyesha mdogo wako, amekaa anashonea watu vifungo, magongo yameegemea ukuta. Kijana akasimama kwa heshima. Akasema, "Pole sana, kaka. Ajali haina kinga." Halafu akafunua gazeti, akaweka kidole kwenye kile kiboksi. "Lakini mama, haya si uliandika mwenyewe?"

Nikasema niliandika.

"Basi," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mzee kukumbuka.

Ameinunua. Kijiti alimfuata mpaka bekari na ile cheni nzito ya Punda, akarudi nayo. Aliniambia kijana kamjibu, "Mama mzazi wa yule aliyeanguka kaisifu mwenyewe, wewe ni nani?" Cheni ameitundika kwenye msumari karakanani kwake. Nikipita naiona.

Ukurasa wa tano nimeubandua. Ukuta chini yake umebaki na rangi mpya, mraba mzima, na wateja sasa wanauliza hapo palikuwa na nini. Gazeti usinitumie tena. Wewe mwenyewe ukitaka kuja, mlango unaujua.

Kuna jambo moja nilisahihishe, maana nimeshachoka na vitu vilivyoandikwa nusu. Kila barua nimekuandikia kwamba mdogo wako anakusalimu. Mpaka Juni ilikuwa kweli. Kuanzia Agosti hajakusalimu. Nilikuwa naziandika mwenyewe, kwa sababu barua haipendezi bila salamu, na nilidhani ukizisoma zitakuwa kweli.

Leo asubuhi kijana wa bekari amepita. Mimi na mdogo wako tulikuwa tumeinamia kazi. Alikuwa bado kule kwenye bomba la maji tulipoisikia, ile sauti ya kutafuna mchanga. Mdogo wako alisimamisha sindano. Hatukutazamana. Tulisikiliza tu mpaka ikaanza kuteremka ule mlima.

Mama yenu